Shibe Mwana Malevya, Njaa Mwana Malegeza: Mwanamke, Mlo na Usingizi wa Mchana Silibwet

Utangulizi

Silibwet ni mji mdogo katika Kaunti ya Bomet, jirani na Hospitali ya Tenwek iliyoanzishwa mwaka 1937. Mji huu umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye miinuko inayoteremkia Mto Nyangores, ambao huyachukua maji ya Msitu wa Mau na kuyapeleka katika Mto Mara. Asubuhi, kabla ya umande kukauka, wanawake huwa wamekwisha kuingia mashambani kuchuna majani mawili na chipukizi, vikapu vikiwa mgongoni. Wengine hufungua maduka, wengine hukaa kwenye cherehani, na wengine hushika chaki au kalamu.

Ifikapo saa saba mchana, chakula huandaliwa: kimyet, ambalo ni jina la ugali kwa Wakipsigis, pamoja na mboga za kienyeji, mursik na hatimaye kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari. Baada ya hapo macho huanza kuwa mazito. Mwenye duka hushika tama na kichwa kikaanza kumwanguka. Mshonaji huegemea cherehani. Mwanafunzi wa chuo aliyerudi nyumbani likizoni husoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuambulia kitu. Apitaye na kuwaona huwa na neno moja tu: uvivu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo halitoshi, na mara nyingi si la haki. Usingizi wa baada ya mlo una sababu zinazojulikana katika elimu ya mwili, na mazoezi ya wastani ni mojawapo ya dawa zake. Hata hivyo, dawa hiyo haimfai kila mwanamke kwa namna moja. Ili kulifafanua jambo hili, makala yatajengwa juu ya methali ambayo kila msomi wa Kiswahili anaifahamu: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza.

Methali na Hekima Yake

Methali hii ina pande mbili zinazopimana. Upande wa kwanza unaihusu shibe, nayo inasemekana kulevya. Kitenzi levya ni kauli ya kusababisha ya lewa. Kwa hiyo mwenye kushiba anafananishwa na mlevi, ambaye akili zake zimefunikwa ingawa nguvu zake zipo. Upande wa pili unaihusu njaa, nayo hulegeza. Aliyelegea hakufunikwa akili, bali ameishiwa na kile kinachomsimamisha.

Kwa kawaida methali hii hutumiwa katika mafunzo ya maadili. Shibe huleta kiburi na njaa huleta unyonge. Lakini ikisomwa kwa maana yake ya karibu, yaani ya mwili, inatenga hali mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Mtu anayesinzia kwa kuwa ameshiba hayuko katika hali moja na mtu anayesinzia kwa kuwa mwili wake umepungukiwa. Kwa macho, wawili hawa hufanana: wote huinamisha vichwa. Tofauti yao ndiyo itakayoamua nani aambiwe ainuke atembee, na nani aambiwe alale, ale vizuri au aende akapimwe.

Lugha yenyewe imewahi kuutambua usingizi wa mchana bila kuukemea. Wapwani wana neno kailula, lenye asili ya Kiarabu, kwa ajili ya usingizi wa adhuhuri. Hata hivyo, si kila alalaye ametazamwa kwa jicho moja. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, binti anausiwa autunze usingizi wa mumewe. Usingizi wa mwanamke haukupata mlinzi wa namna hiyo. Mara nyingi umepewa jina la uvivu na mjadala ukafungwa.

Shibe Inavyolevya

Imezoeleka kusemwa kwamba baada ya kula damu huukimbia ubongo na kwenda tumboni, ndipo usingizi unapoingia. Maelezo haya yana mvuto, lakini hayasimami. Ni kweli kwamba damu nyingi huelekezwa kwenye utumbo wakati wa kusaga chakula. Hata hivyo, ubongo, ambao ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili na hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yake, una taratibu madhubuti za kuilinda sehemu yake ya damu. Sababu hazina budi kutafutwa kwingine, na zilizo wazi zaidi ni tatu.

Ya kwanza ni saa ya mwili. Ndani ya ubongo mna mpangilio unaoongoza usingizi na kukesha kwa mzunguko wa karibu saa 24. Mpangilio huo huwa na bonde kubwa usiku wa manane na bonde dogo mchana, yapata kati ya saa saba na saa tisa. Bonde hili dogo hutokea hata kwa mtu ambaye hakula kitu. Chakula cha mchana hakilichimbi bonde hilo. Hulikuta lipo na kulizidisha kina.

Ya pili ni chakula chenyewe, kwa wingi wake na kwa aina yake. Mlo mkubwa wa wanga husagwa ukawa glukosi, na glukosi ikipanda katika damu kongosho hutoa insulini ili iingizwe katika seli. Ubongoni mna seli zinazotoa kemikali iitwayo oreksini, iliyogunduliwa mwaka 1998, ambayo kazi yake mojawapo ni kumweka mtu macho. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walionyesha kwa kutumia seli za panya kwamba glukosi ikiongezeka seli hizo hutulizwa. Baadaye, mwaka 2011, watafiti walionyesha kwamba viini vya protini huziamsha. Aidha, insulini huibadili mizani ya viini vya protini katika damu, hata kiini kiitwacho triptofani kikapata njia nyepesi ya kuingia ubongoni, ambako hutumika kutengeneza kemikali za utulivu. Mafuta mengi nayo huamsha homoni za utumbo zinazoupa ubongo habari za shibe. Kwa ufupi, sahani ya ugali mwingi na mboga kidogo ina uwezo wa kulevya kuliko sahani yenye ugali wa kiasi, maharagwe, mboga na maziwa.

Ya tatu ni deni la usingizi. Kila saa ambayo mtu yu macho, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo humvuta alale. Aliyelala vya kutosha huingia mchana akiwa na mzigo mdogo. Aliyelala saa tano huingia akiwa amekwisha kulemewa. Chai, zao la nchi hii, huzuia kwa muda sauti ya adenosini kwa sababu ya kafeini iliyomo. Lakini kuzuia sauti ya mdai si kulipa deni, na kikombe kinachonywewa jioni huweza kuuharibu usingizi wa usiku na kuliongeza deni la kesho.

Kwa Nini Mwanamke Atazamwe Peke Yake

Sababu hizo tatu zinawahusu wanaume kwa wanawake. Hata hivyo, mwili wa mwanamke na siku yake huongeza mambo mengine. Homoni ya projesteroni, ambayo hupanda katika nusu ya pili ya mwezi wa mwanamke na zaidi sana wakati wa ujauzito, huleta usingizi. Anapokaribia kukoma hedhi, joto la ghafla na jasho la usiku huweza kumkatia usingizi mara kwa mara. Vilevile, hedhi na uzazi hupunguza akiba ya madini ya chuma mwilini.

Isitoshe, kuna suala la muda. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa nchini Kenya mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia takriban mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na za kulea zisizo na malipo. Mwanamke ndiye huamka kwanza kuwasha moto na ndiye huamka usiku mtoto anapolia. Kwa hiyo bonde la mchana humkuta akiwa na deni kubwa zaidi, na kumhukumu kwa kusinzia kwake ni kumdai mara mbili.

Mazoezi ya Wastani na Kazi Yake

Nchi ya Kericho na Bomet imezoea kusikia neno mazoezi likiandamana na mbio za ubingwa. Beatrice Chebet, mzaliwa wa Londiani katika Kaunti ya Kericho, alitwaa dhahabu mbili katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, za mita 5,000 na mita 10,000. Mwaka huohuo alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29. Fahari hii ina upande wake wa hasara: mwanamke wa kawaida hudhani kwamba asiyekimbia hivyo hana haja ya kuanza.

Mazoezi yanayozungumziwa hapa ni ya aerobiki, yaani yale ambayo misuli mikubwa hufanya kazi kwa mfululizo huku mwili ukitumia hewa ya oksijeni kuzalisha nishati: kutembea kwa haraka, kupanda mlima polepole, kuendesha baiskeli, kucheza ngoma. Kiwango cha wastani hupimwa kwa kipimo kisichohitaji chombo. Mtu akiwa anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, yuko katika wastani. Akiweza kuimba, bado ni mwepesi. Asipoweza hata kuzungumza, amekwisha kupita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilipendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa watu wazima, na angalau dakika 150 kwa wajawazito wasio na kizuizi cha kiafya.

Kazi ya matembezi baada ya mlo huanzia katika misuli. Msuli unaokunjuka na kukunjana huvuta glukosi kutoka katika damu hata bila kuisubiri insulini, na hivyo mwinuko wa sukari hupungua. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walichapisha matokeo ya utafiti wao kwa watu 41 wenye kisukari cha aina ya pili. Waliotembea dakika 10 baada ya kila mlo mkuu walikuwa na sukari ya baada ya mlo iliyopungua kwa wastani wa asilimia 12 kuliko walipotembea dakika 30 kwa mkupuo mmoja wakati wowote wa siku. Baada ya mlo wa jioni tofauti ilifika asilimia 22. Watafiti hao walipima sukari, hawakupima usingizi. Lakini sukari ndiyo mojawapo ya njia ambazo shibe hupitia ili ilevye.

Kuhusu usingizi wenyewe, ushahidi ulio karibu zaidi unatoka Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, mwaka 2017. Waliotafitiwa walikuwa wanafunzi wa kike waliokuwa wakilala chini ya saa sita na nusu kwa usiku. Dakika 10 za kupanda na kushuka ngazi kwa mwendo wa wastani ziliwapa uchangamfu uliozidi kidogo ule wa miligramu 50 za kafeini, kiasi kinachokaribia kile cha kikombe cha chai ya rangi. Uchangamfu huo haukudumu sana. Hata hivyo, chuo hichohicho kilikuwa kimeonyesha mwaka 2008 kwamba vijana wasio na mazoea ya mazoezi, waliokuwa wakilalamikia uchovu wa kudumu, walipata nafuu kubwa baada ya wiki sita za mazoezi mepesi au ya wastani, dakika 20 mara tatu kwa wiki. Waliofanya mazoezi mepesi hawakuachwa nyuma na waliojikaza zaidi. Uchovu wao ulipungua hata kuwapita. Hapa pana somo: si lazima mtu ajitese ndipo afaidike.

Njia nyingine za faida ni rahisi kuzielewa. Moyo ukienda kasi, mwili hutoa adrenalini na jamii yake, ambazo ni kinyume cha usingizi. Mwanga wa jua huambia saa ya mwili kwamba bado ni mchana. Na mwenye kufanya mazoezi kwa mazoea hulala vizuri zaidi usiku, hivyo deni hupungua kutoka katika shina lake.

Je, Kuchuna Chai Si Mazoezi?

Swali hili haliepukiki Silibwet. Mwanamke aliyeshinda shambani asubuhi nzima akiambiwa atembee ili achangamke ana haki ya kucheka. Kuchuna chai ni kazi kweli. Vidole na mikono huenda upesi, mgongo hubeba uzito unaoongezeka, na miguu husogea hatua moja moja kati ya safu za michai. Kisha kikapu hubebwa kupanda na kushuka vilima hadi kituo cha kupimia majani. Safari hiyo ya mwisho, kwa mwinuko wake na mzigo wake, mara nyingi hufikia wastani na hata kuupita.

Kwa mwanamke huyu, upungufu si wa mwendo bali wa mapumziko. Akisinzia baada ya chakula, mwili wake unadai haki yake, na usingizi mfupi wa dakika 15 au 20 utamfaa kuliko matembezi. Mwenzake wa dukani, wa ofisini, wa cherehani au wa darasani yuko kinyume chake. Amekaa tangu asubuhi, misuli yake haijaitwa kazini, na sahani yake ilikuwa kubwa sawa na ya mchunaji. Huyu ndiye ambaye shibe inamlevya, na huyu ndiye anayepaswa kuinuka.

Njaa Inavyolegeza

Upande wa pili wa methali unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa njaa si ya tumbo pekee. Damu nayo huwa na njaa ya chuma. Mwanamke mwenye upungufu wa damu huchoka upesi, huhema akipanda kilima kidogo, hupata kizunguzungu na huenda mapigo ya moyo yakamwenda mbio. Katika nchi ya chai jambo hili lina ugumu wa pekee. Kemikali za asili zilizomo katika majani ya chai hushikamana na chuma cha mboga na nafaka, na kuuzuia mwili usikifyonze. Kikombe kinachonywewa pamoja na chakula, kama ilivyo desturi, hupunguza faida ya mboga iliyokuwa sahanini. Kukisogeza kikombe hicho mbele kwa saa moja au zaidi hakumgharimu mtu senti. Aidha, wakaao nyandaa za juu huhitaji hemoglobini zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo wapimaji hurekebisha viwango kulingana na mwinuko wa mahali.

Kuna dalili nyingine zisizopaswa kufichwa nyuma ya neno uvivu. Usingizi mzito baada ya kila mlo, ukiandamana na kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, huweza kuwa kisukari. Kuhisi baridi wakati wote, kunenepa bila sababu na ngozi kukauka huweza kuashiria udhaifu wa tezi ya thiroidi. Kukoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini humfanya mtu aamke akiwa amechoka kama hakulala. Huzuni ya kudumu nayo hulegeza. Katika hali hizi matembezi huweza kusaidia, lakini hayachukui nafasi ya vipimo vya hospitali.

Namna ya Kutenda

Kwa yule ambaye tatizo lake ni shibe, mambo machache yanatosha. Sahani ipunguzwe ugali na kuongezwa maharagwe, mboga au maziwa. Baada ya kula apumzike dakika 10 au 15, kisha atembee dakika 10 hadi 15, yapata hatua 100 kwa dakika. Katika vilima vya Silibwet kasi hiyo si lazima: mwendo wa polepole wa kupanda hufikia wastani. Busara ni kuanza kwa kuteremka na kurudi kwa kupanda, au kuizunguka njia iliyo tambarare ikiwa tumbo bado zito. Kukimbia kwa nguvu tumbo likiwa limejaa hakufai, kwani huleta kichefuchefu na kichomi.

Mvua pia haina budi kuhesabiwa. Katika nyanda hizi mvua hupenda kunyesha alasiri, wakati mwingine pamoja na mawe, na njia za udongo huteleza. Kwa hiyo matembezi ya mara tu baada ya chakula cha mchana huwahi kabla ya mawingu kushuka. Yakishindikana, kupanda na kushuka ngazi au kuzunguka barazani hutosha. Baada ya chakula cha usiku, ambapo usalama ni jambo la kwanza, ua wa nyumba unatosha. Wanaotumia sindano za insulini au vidonge vya kushusha sukari waulize daktari kwanza, ili sukari isishuke kupita kiasi.

Hitimisho

Imebainika kwamba usingizi wa baada ya mlo si tabia mbaya bali ni mkutano wa saa ya mwili, chakula na deni la usingizi, na kwamba kwa mwanamke huongezwa homoni, upungufu wa chuma na kazi zisizohesabiwa. Mazoezi ya wastani hupunguza ulevi wa shibe kwa aliyekaa. Hayamponyi aliyelegezwa na njaa ya chuma, ya usingizi au ya mapumziko.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili. Kuwa na maneno manne, uvivu, uchovu, ulegevu na usingizi, kisha kutumia moja tu kwa kila mwanamke aliyeinamisha kichwa, ni kuiacha mali ya lugha ghalani. Wahenga walikwisha kutenga kulevya na kulegeza. Atakayemkuta mama amesinzia dukani Silibwet, kabla ya kumpa jina, na aulize kwanza ni mwana yupi kati ya hao wawili aliyemtembelea.